Ilimba hainyooshwi: ninachokisikia kwenye Assembly ya Hukwe Zawose na Michael Brook

Vijana wengi wanaokuja studio wakitaka kuchanganya muziki wa asili na biti za kompyuta huniuliza waanze kusikiliza nini. Nawatajia Assembly, albamu iliyotoka mwaka 2002 kupitia Real World, lebo iliyoanzishwa na Peter Gabriel kule Uingereza. Wenye kazi ni wawili. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeifanya Bagamoyo makao yake, mwimbaji na mpigaji wa ilimba (sanduku lenye ndimi za chuma zinazokwanyuliwa kwa vidole), na Michael Brook, mpiga gitaa na prodyuza kutoka Kanada.

Ugumu wa kazi kama hii hauko kwenye biti. Biti mtu yeyote anaweza kuipanga kwa saa moja. Ugumu uko kwenye noti.

Kinanda na karibu programu zote za studio huigawa oktava, yaani umbali kutoka noti moja hadi ile ile ya juu yake, katika sehemu 12 zinazolingana, na kila sehemu tunaihesabu kuwa senti 100, senti ikiwa kipimo cha umbali kati ya noti. Wagogo hawafuati mgawanyo huo. Ngazi yao ya sauti inatokana na zile sauti za juu zinazojitokeza zenyewe waya mmoja unapotetemeka: ukizihesabu kutoka chini, sauti ya waya wenyewe ikiwa ya 1, na kuchukua kuanzia ya 4 mpaka ya 9 au ya 10, umepata noti anazoimbia Mgogo. Ndani ya hizo, ya 5 iko chini ya noti ya kinanda kwa senti 14 hivi. Sikio linavumilia. Ya 7 iko chini kwa senti 31, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Bonyeza noti kadhaa za sinthesaiza kwa pamoja chini ya ilimba, utasikia sauti zikigombana, zikipanda na kushuka bila kutulia.

Wengi wakifika hapo hukimbilia programu ya kunyoosha sauti. Nawaomba sana msifanye hivyo. Ile noti ya 7 mnayoiona imepinda ndiyo inayoutambulisha wimbo wa Kigogo hata kwa mtu asiyejua neno moja la lugha hiyo. Ukiipandisha ikae sawa na kinanda, umebakiza maneno tu.

Kwa nini basi Brook alikuwa mtu sahihi? Katika miaka ya 1980 alibuni gitaa ambalo noti yake haikomi: mtetemo wa waya unachukuliwa, unakuzwa kwa umeme na kurudishwa kwenye waya ule ule, hivyo sauti inaendelea mpaka mpigaji mwenyewe aizuie. (The Edge, mpiga gitaa wa bendi ya U2, ni mmoja wa wachache waliopata kulitumia.) Ilimba ni kinyume chake kabisa. Unakwanyua ulimi wa chuma, sauti inaruka na kufa upesi, inafuata nyingine. Sauti isiyokoma ikilazwa chini ya sauti zinazokufa haraka, hakuna anayemziba mwenzake. Tena waya wa gitaa unavutika, kwa hiyo mpigaji anaweza kuitafuta noti ambayo kinanda hakina. Na mtu huyu alishajifunza kumpisha mwimbaji mkubwa: ndiye prodyuza wa albamu mbili za Nusrat Fateh Ali Khan, mwimbaji wa kawali wa Pakistan: Mustt Mustt, 1990, na Night Song, 1996.

Kama huna gitaa la namna hiyo, njia iko. Shikilia mzizi wa wimbo, yaani noti ambayo wimbo hurudi kutulia, na noti ya tano ya ngazi ukihesabu kutoka hapo (si ile sauti ya 5 ya waya niliyoitaja juu), basi. Tano ya kinanda inapishana na tano ya asili kwa senti 2 tu, haigombani na mtu. Yote ya katikati mwachie mwimbaji na ilimba.

Halafu kuna suala la mvumo. Ilimba kubwa inaweza kuwa na ndimi zaidi ya 60, na nyingine hazikwanyuliwi kamwe. Kazi yake ni kuitikia wenzake wanapopigwa. Kwenye sanduku kuna matundu yanayozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaoleta ule mlio wa kukwaruza kidogo. Fundi asiyeijua ala hii hudhani maiki imeharibika, anaanza kuyakata masafa ya juu. Mimi huweka maiki moja juu ya ndimi na nyingine karibu na tundu, kisha ile ya tundu naipa nafasi yake kwenye mchanganyo kana kwamba ni ala nyingine.

Assembly siipendi yote kwa kiwango kimoja. Mashine zinapojaa sana, pumzi ya Zawose inabanwa, na sauti ile inayoweza kuanzia chini kabisa kifuani na kupanda hadi kuwa kama ya mtoto inahitaji hewa. Ndiyo maana nashauri uanze na albamu yake Chibite ya mwaka 1996, umsikie bila hayo, kisha urudi.

Mzee alifariki Desemba 2003, lakini kazi haikusimama. Mwanawe Msafiri alitoa albamu Uhamiaji mwaka 2017 pamoja na prodyuza Sam Jones. Mwaka 2024 Pendo na Leah, binti na mjukuu wake, wakatoa Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Wanawake hawa wanapiga muheme, ngoma inayobanwa katikati ya mapaja, na sauti yake ya chini inakaa pale pale ambapo prodyuza wa leo huweka kiki, lile dundo zito la ngoma ya chini kwenye biti. Ukipata rekodi za namna hiyo mezani kwako, zima kiki kwanza, sikiliza muheme wote mpaka mwisho, ndipo uamue kama kuna nafasi iliyobaki.