Puebla si Hispania ndogo: dhana potofu kuhusu mji wa kale wa Meksiko

Puebla iko mwendo wa saa mbili hivi kwa basi kutoka mji mkuu wa Meksiko, na katikati yake ya kale imo katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO tangu 1987. Wengi huitembelea siku moja, wakapiga picha za kanisa kuu na kuondoka na maelezo nusunusu. Mji huu unastahili zaidi ya hapo.

Dhana: Ni kipande cha Hispania kilichohamishiwa Amerika

Wahispania ndio walioanzisha mji huu mwaka 1531, kwenye njia iendayo bandari ya Veracruz. Lakini mikono iliyochimba misingi na kubeba mawe ilikuwa ya wenyeji kutoka Tlaxcala, Cholula na vijiji vya jirani. Baadaye Puebla ikawa na soko la watumwa, na Waafrika wengi waliuzwa hapo. Jasho lao limo katika kuta hizo, na msomaji wa Afrika Mashariki asione haya kuwauliza waongoza watalii habari zao.

Ukitaka kuuona mkono wa wenyeji waziwazi, nenda kanisa la Santa María Tonantzintla, karibu na Cholula. Nje ni kanisa la kawaida. Ndani, hakuna sehemu ya kuba iliyoachwa wazi: nakshi za lipu zilizopakwa rangi na dhahabu zimejaa kila pembe. Malaika wana nyuso za kahawia na vilemba vya manyoya, na pembeni yao kuna matunda ya nchi hiyo na mahindi. Simama katikati, inua kichwa, na usifanye haraka. Mafundi waliagizwa kupamba nyumba ya ibada ya wageni, wakajiweka wao wenyewe ndani yake.

Dhana: Chombo chochote cha bluu na nyeupe ni Talavera

Sivyo. Talavera ya kweli ya Meksiko, yaani kauri maarufu ya mji huu, hutengenezwa Puebla na sehemu za Tlaxcala tu, kwa aina mbili za udongo zinazochanganywa. Chombo huchomwa mara mbili: kwanza kikiwa kitupu, kisha baada ya kupakwa glezi nyeupe, yaani rangi inayong'aa kama kioo, na kuchorwa kwa mkono. Pitisha kidole juu ya bluu yake. Utahisi rangi imeinuka kidogo. Kigeuze uangalie chini kama kuna jina la karakana. Vinavyouzwa bei ya chee barabarani mara nyingi havina alama hiyo wala mwinuko huo.

Na asili yake si Hispania pekee. Ufundi huo wa glezi Wahispania waliurithi kutoka kwa Waislamu, na ile bluu na nyeupe iliiga vyombo vya Kichina vilivyoshushwa bandari ya Acapulco na merikebu za Manila, Ufilipino. Kauri za China zimepachikwa pia kwenye makaburi ya nguzo ya Mambrui na Kunduchi. Biashara hiyo ilifika mbali kuliko tunavyodhani.

Dhana: Tarehe 5 Mei ni siku ya uhuru wa Meksiko

Uhuru huadhimishwa 16 Septemba. Tarehe 5 Mei ni kumbukumbu ya mwaka 1862, jeshi la Jenerali Ignacio Zaragoza lilipowashinda Wafaransa hapa Puebla. Mwaka uliofuata Wafaransa walirudi, wakauzingira mji na kuuteka. Ushindi ule haukumaliza vita, ila wenyeji wanajivunia, na wana haki.

Dhana: "China Poblana" alikuwa Mchina

Mwanamke anayeitwa "China Poblana", yaani Mchina wa Puebla, ni Catarina de San Juan. Alizaliwa India, akatekwa na kuuzwa Manila, kisha akavushwa bahari ya Pasifiki hadi Puebla, alikofia mwaka 1688. Waasia wote waliitwa Wachina siku hizo. Lile vazi la sketi pana linalouzwa kwa jina lake ni la karne ya 19, yeye hakulivaa.

Dhana: Wahispania walibomoa piramidi ya Cholula ili wajenge kanisa juu yake

Piramidi hiyo, kubwa kuliko zote duniani kwa ujazo, ilikuwa imekwisha kufunikwa na udongo na majani kabla hawajafika. Walichokiona ni kilima, wakajenga kanisa kileleni. Ile habari ya makanisa 365 ya Cholula, moja kwa kila siku ya mwaka, nayo ni hadithi tu, ingawa makanisa kweli ni mengi.

Dhana: Makumbusho yote ni ya mambo ya kanisa

Anzia Museo Amparo, ambako sanamu za kale kabla ya Wahispania zinakaa jengo moja na sanaa ya leo. Kisha maktaba ya Palafoxiana, iliyoanza mwaka 1646 kwa vitabu 5,000 alivyovitoa Askofu Juan de Palafox. Sasa vimepita 45,000, kwenye rafu za mbao ghorofa tatu. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, lakini Amparo hufunga Jumanne, kwa hiyo panga siku zako mapema.