Kiazi kipya cha okidi ndicho mmea wa mwakani

Chini ya shina moja la okidi ya ardhini, hasa zile za jamii ya Disa na Satyrium, huwa kuna viazi viwili. Kimoja kimenywea na ngozi yake imejikunja: hicho ndicho kilicholisha majani na maua ya msimu huu. Cha pili kimejaa na ni kigumu, nacho ndicho kitakachochipua mvua za mwaka ujao zikinyesha. Mchimbaji hukitaka hicho kilichojaa. Akishakichukua, mmea umekwisha, hata kama ua bado limesimama.

Uwanda wa Kitulo, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, una aina zipatazo 45 za okidi. Mwaka 2005 ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, hasa kwa ajili ya mimea yake. Kilichosukuma hatua hiyo ni pamoja na biashara ya viazi hivi kuelekea Zambia, ambako hutwangwa, huchanganywa na unga wa karanga na kupikwa chikanda. Ni chakula cha asili, kinapendwa, na sina neno baya juu yake. Shida ilianza kilipogeuka bidhaa ya mijini: okidi za Zambia kwenyewe zikapungua, wachuuzi wakavuka mipaka.

Watu hutuuliza mara nyingi kwa nini tusipande tu mbegu. Punje ya hindi huzaliwa na akiba yake ya chakula. Mbegu ya okidi haina. Ni ndogo kama vumbi, na kifuko kimoja hubeba maelfu. Haikui mpaka ikutane na kuvu wa udongoni anayeilisha, na hapo bado itachukua miaka kabla ya kutoa ua. Ndiyo maana okidi iliyong'olewa porini kwa ajili ya bustani ya nyumbani kwa kawaida hunyauka. Udongo uliolimwa nao huenda usiwe tena na kuvu huyo, kwa hiyo kwetu kulinda okidi ni kulinda nyasi na ardhi yake nzima.

Ukiikuta imechanua, kati ya Desemba na Aprili, iache shina lake mpaka vifuko vikauke na kupasuka vyenyewe. Picha piga, ila usitaje mtandaoni mahali hasa ulipoiona. Wachimbaji nao husoma.