Tiki za Bluu Hazijui Dharau

"Amesoma, kanyamaza. Ana dharau huyo." Wiki haipiti bila mtu kuniletea inboksi maneno haya kuhusu mwenzake wa grupu la WhatsApp, na skrinishoti juu yake kana kwamba tuko mahakamani. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Wengi wanasoma tiki za grupu kama tiki za mazungumzo ya watu wawili. Kwenye grupu la WhatsApp, tiki ya pili ya kijivu huja pale tu ujumbe unapokuwa umefika kwenye simu za wanachama wote, na bluu huja wote wakishaufungua. Wote! Grupu la ukoo lina watu 180. Mmoja simu imezima, mwingine kaishiwa bando tangu Jumamosi. Ujumbe wako utabaki na tiki moja hata kama waliobaki wameshausoma na kuucheka. Halafu unalalamika hauendi, unautuma mara tatu. Umeenda, jamani.

Anayetaka kujua nani kasoma ashikilie ujumbe wake, afungue maelezo yake, ataona waliosoma na waliofikiwa tu. Hapo ndipo kesi zinapotungwa. Kuna waliozima taarifa za kusoma, yaani zile tiki za bluu, kwenye mipangilio wakidhani wamejificha. Ule mpangilio hauwafichi kwenye grupu, majina yao yanaonekana vilevile. Na hiyo "amesoma" yenyewe maana yake nini? Kwamba grupu lilifunguliwa kwenye simu yake na ujumbe ukapita kwenye kioo. Basi. Huenda alikuwa anashuka mbio kwenye meseji 140 akitafuta namba ya fundi bomba. Huenda simu alikuwa nayo mtoto. Na kinyume chake kipo: anayesoma kwenye arifa juu ya kioo bila kufungua hahesabiwi kuwa amesoma, ingawa ujumbe anaujua mpaka nukta. Kwa hiyo unamnunia ambaye hakusoma, na aliyesoma unamtetea kwamba hana bando.

Kinachonikera zaidi ni swali lenyewe. "Jamani, vipi kuhusu kikao?" Swali hilo ni la nani? Watu 180 wanaliona, kila mmoja anadhani mwenzake mwenye habari atajibu, linapita. Swali la grupu linataka jina la anayeulizwa, ukiweka @ ili simu yake imwite, jambo moja tu, na saa ya mwisho: "@Mama Neema, ukumbi umeshalipiwa? Naomba jibu kabla ya saa 10 jioni nimjulishe mpishi." Hapo wengine 178 wakinyamaza wanakusaidia. Ukitaka maoni ya wote, weka kura. Na unapojibu, telezesha ule ujumbe kwenda kulia ili unukuliwe. "Hapana, sikubali" ikielea peke yake chini ya mama mkwe aliyeandika "Mungu awabariki wanangu" itakugharimu safari ya kwenda kuomba radhi.

Sasa orodha ya michango, mama wa kesi zote za "mmekula hela yangu". Mtindo uliozoeleka ni kila mchangiaji kukopi orodha, kuongeza jina lake na kubandika upya. Tazama inavyoharibika. Orodha ina majina 14. Saa 2:05 usiku Rehema anaikopi, na Juma anakopi hiyohiyo. Rehema anabandika: yeye wa 15, sh. 50,000. Nusu dakika baadaye Juma anabandika ya kwake: yeye wa 15, sh. 20,000, na Rehema hayumo. Anayefuata anakopi ya chini kabisa kwa kuwa ndiyo mpya. Rehema keshafutika na hakuna aliyemfuta. Asubuhi anakuta majina 22, lake halipo, na mweka hazina anapokea ujumbe wa sauti wa dakika nne.

Orodha iandikwe na mtu mmoja. Wachangiaji wamwandikie mweka hazina inboksi, maana laini nyingi zimesajiliwa kwa majina ya watu wengine: "Nimetuma 50,000, itasoma jina la kaka yangu, andika Rehema." Bila mstari huo anabaki na hela isiyo na mwenyewe. Orodha itoke mara moja kwa siku, tuseme saa 3 usiku, tarehe juu, jumla chini. Jumla isisahauliwe, kwa sababu kila mtu anapiga hesabu kimyakimya. Nakiri njia hii hupunguza kasi ya michango: ule mtindo mbovu wa kubandika hadharani ndio huwasukuma wanaojikausha. Namna ya kupata vyote viwili sijaiona.

Mzee akifowadi habari ya uongo, usimsahihishe mbele ya wakwe na wajukuu. Nenda inboksi, salamu kwanza: "Shikamoo baba mkubwa. Ile habari ya dawa ya vitunguu si ya kweli, naomba uifute." Ana siku mbili na ushei za kuifutia wote, na admin naye anaweza kuifuta. Mwambie achague kufuta kwa kila mtu. Akigusa kujifutia mwenyewe, itatoweka kwake tu, ataapa ameifuta huku nyie wote mnaiona, na hapo mmeanza ugomvi wa pili.

Ugomvi ukishawaka, kufunga grupu ili maadmin pekee waandike kunafaa usiku. Ila aliyefunga aseme: "Nimefunga mpaka kesho saa 2 asubuhi." Ukifunga bila neno, watu watafungua grupu lingine dogo, na humo hutakuwemo.

Kumtoa mtu ndiko kunakonipa shaka. Grupu la kazi au la wapangaji, mara nyingi hutulia. La ukoo sina uhakika kabisa: aliyetolewa ana mama yake humo na shangazi watatu, na kesho mnakutana msibani. Akilefti mwenyewe, siku hizi wanaoarifiwa ni maadmin tu, japo jina lake hubaki siku 60 kwenye orodha ya waliotoka kwa anayetaka kuchungulia. Kwa hiyo admin usikimbilie kutangaza "Fulani kalefti, kulikoni?" Mwache siku mbili, kisha ampigie mtu mmoja anayeelewana naye. Apige simu, asitume voisi.