Je, wajua mwaka wa dinari ya Kirumi hujulikanaje, ilhali haukuandikwa?

Warumi hawakuandika mwaka kwenye sarafu zao za fedha kama tufanyavyo leo. Hata hivyo, dinari nyingi (ndiyo ile ya kwenye Injili) hutajwa hadi mwaka zilipogongwa, kwa sababu kaizari alizizungushia vyeo vyake, na baadhi ya vyeo hivyo vilihesabiwa.

Anza upande wa kichwa. Soma kwa mwendo wa saa, kwa kawaida kuanzia chini kushoto; V husimama pia badala ya U. Tuseme pameandikwa SEVERVS PIVS AVG (AVG ni Augusto, cheo cha kaizari). Huyo ni kaizari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo. Geuza: P M TR P XVII COS III P P. P M ni kuhani mkuu, COS III konsuli (cheo cha juu serikalini) kwa mara ya tatu, P P baba wa taifa. Ufunguo ni TR P, mamlaka ya tribuni (mtetezi wa raia wa kawaida), iliyohuishwa kila mwaka. Severus alishika dola mwaka 193, na huo ndio wa kwanza, kwa hiyo ya 17 inaangukia 209. COS haitoshi: alibaki COS III tangu 202 hadi alipofariki 211.

Namba ndiyo hupotea kwanza, kwani mara nyingi nyundo ilipiga kando. Ukiona XV na baada yake ukingo umekatika, andika 207 hadi 210, usibahatishe.

Mtego mkubwa ni ANTONINVS PIVS AVG, jina walilotumia makaizari wawili, Caracalla na Elagabalus. Elagabalus alitawala 218 hadi 222 tu, hivyo TR P yake haizidi V. Mara nyingi jina lake hutanguliwa na IMP (cheo cha amiri jeshi), na upande wa pili huwa na nyota.

Kisha pima kwa mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Dinari ya Severus huwa na gramu 3 na ushei. Kaizari akivaa taji la miale badala ya shada la majani, hiyo ni antoninianus, sarafu nyingine ya fedha iliyoanza 215, yenye gramu kama 5 mwanzoni. Dinari ikiwa nyepesi mno na shaba inachungulia kwenye nyufa, ni ghushi ya kale iliyovikwa fedha. Mstari wa kiungo ukingoni na vitundu vya mapovu huonyesha ghushi ya kumiminwa kwenye kalibu. Usiisugue ili isomeke. Mulika taa kutoka ubavuni.

Ukishapata maandishi ya pande zote mbili na umbo la nyuma, yatafute OCRE, orodha ya bure mtandaoni, upate namba yake ya RIC (katalogi kuu ya sarafu za Dola ya Kirumi).