Kuwaachisha vifaranga joto: lini wako tayari kutoka bruda

Kuwaachisha vifaranga joto ni kipindi ambacho mfugaji anapunguza moto wa bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, kidogo kidogo, mpaka vifaranga waweze kulala bila taa wala jiko, kisha wahamie banda la kawaida na kuanza kutembea nje. Ukiuliza kipindi hicho ni lini, wengi watakutajia umri: mwezi mmoja. Jibu hilo linafaa Dar es Salaam mwezi wa Januari. Ukilipeleka Njombe au Limuru mwezi wa Julai, asubuhi utaokota mizoga.

Kifaranga hutotolewa akiwa na manyoya mororo tu, yasiyozuia baridi. Joto la mwili wake huwa chini kidogo ya lile la kuku mkubwa, ambalo ni kama nyuzi 41 za Selsiasi, na hupita wiki mbili tatu kabla mwili haujamudu kulitunza wenyewe. Kwa kuku aliyeatamia, kazi hiyo inafanywa na mabawa ya mama. Vifaranga wa mashine hawana wa kuwafunika, ndiyo maana bruda huanza na nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, halafu hushushwa kama nyuzi 3 kila wiki, hadi ifike 20 hivi karibu na wiki ya tano au ya sita.

Kwa hiyo tazama manyoya kabla ya kutazama kalenda. Yale ya kudumu huanza kwenye mabawa, tena ndani ya wiki ya kwanza, yakafuata ya mkia na mgongo. Kifua, shingo na tumbo huchelewa. Hapo ndipo watu hudanganyika: kifaranga akisimama anaonekana kakamilika, kumbe upande wa chini bado yuko uchi. Mshike, mgeuze, inua bawa. Ukiona ngozi, msubiri. Kuku wa nyama ndio wanaopotosha zaidi, kwa sababu mwili wao hukua haraka kuliko manyoya, na ukubwa wao haukuambii chochote kuhusu baridi.

Jambo la pili la kutazama ni usiku wa mahali ulipo. Jua la saa saba mchana halina tatizo na kifaranga wa wiki tatu; tatizo ni saa kumi alfajiri, hasa wakati wa kipupwe, na hasa kama banda linapitisha upepo chini chini au maranda yamelowa. Kifaranga aliyelowa hupoteza joto upesi hata pale ambapo wewe husikii baridi.

Kanuni ninayoiamini kuliko zote ni hii: usibadilishe mambo mawili siku moja. Kuanzia wiki ya tatu, siku ya jua, zima taa mchana na uwatoe kwenye uzio wa wavu kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri, kisha uwarudishe. Manyoya yakishajaa, zima na usiku pia, lakini waache palepale walipozoea kwa siku kadhaa. Wakiamka wametawanyika, wanakula na kunywa, ndipo uwahamishe. Wakiamka wamesongamana huku wakilia kwa sauti kali, rudisha joto. Anayezima taa na kuhamisha banda jioni ileile hatajua kilichoua ni kipi.

Usiku wa kwanza kwenye banda jipya una hatari yake. Vifaranga wakiogopa giza na mahali pageni hukimbilia kona moja na kurundikana, na walio chini hufa kwa kukosa hewa, hata kama hakuna baridi. Ziba kona kwa maboksi ili ukuta uwe kama duara, tandika maranda makavu, wape vyombo vilevile vya maji na chakula walivyovizoea, kisha pita tena kama saa tatu usiku uwatawanye kwa mkono. Wafungie humo siku chache kabla ya kuwaachia nje, wajue pa kurudi jua likizama.

Ardhi nayo inahitaji kuzoewa. Vijidudu vya kuhara damu, yaani koksidia, hupenda joto na unyevu, na vifaranga wa wiki tatu hadi sita ndio huumwa sana. Kuanza na sehemu kavu kwa saa chache huwapa nafasi ya kujenga kinga; kuwamwaga kwenye tope la masika ni kuwatafutia ugonjwa. Chanjo za kideri (ugonjwa wa Newcastle), ambazo kwa kawaida hutolewa siku ya 7 na kurudiwa siku ya 21, ziwe zimeshapita. Maadui wa hewani sitawazungumzia sana: wavu uwe na paa. Mwewe anafahamika kila mahali, lakini Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa kunguru ndio wamalizaji wa vifaranga, na hawaogopi mtu.

Usiwachanganye na kuku wakubwa mpaka wakaribiane kwa mwili. Wakubwa huwadonoa, huwanyima chakula, na wanaweza kubeba magonjwa bila wao kuugua. Watenganishe kwa wavu kwanza wazoeane kwa macho, na chakula cha vifaranga kiendelee, kwa kienyeji na chotara hata mpaka wiki ya nane.

Na kama unanunua vifaranga wa mwezi mmoja waliolelewa na mtu mwingine, muulize taa ya usiku ilizimwa lini. Akikuambia iliwaka hadi jana, umenunua vifaranga ambao bado wako bruda: waandalie joto nyumbani kabla hujaenda kuwachukua.