Hiyo 12 si mara mbili ya 6

Nasahihisha mitihani ya uchumi ya mwaka wa kwanza, na jana nikaweka kalamu chini. "Mlaji ameridhika mara mbili zaidi kwa sababu ametoka mkunjo wa 6 akahamia wa 12." Tena! Mkunjo ni mstari wa kwenye grafu unaounganisha vifurushi vya vitu ambavyo mlaji anaviona sawa, na namba yake inaonyesha tu upi anaupenda zaidi. Jamani, mara mbili ya nini? Kilo? Lita?

Twende kwa mama wa vitumbua nje ya geti la chuo, ninakonywa chai asubuhi. Vitumbua 3, vikombe 2 vya chai ya maziwa. Tuseme ridhaa yangu tunaiandika kwa kuzidisha: 3 mara 2, tunapata 6. Akiniwekea vitumbua 4 na vikombe 3, ni 12. Haya, sasa zipandishe namba hizo kwa kipeo cha pili: 36 na 144. Mara nne! Nami bado nimekaa kwenye benchi lilelile, nachagua sahani ileile, na mikunjo yangu haijasogea hata kidogo. Kilichobadilika ni lebo. Ni kama nafasi za darasani: wa kwanza kamtangulia wa tatu, lakini nani kasema ana akili mara tatu?

(Na hili jina lake kamili, "mkunjo wa kutojali", nalo lina lawama. Mlaji anajali sana. Ni vile tu vifurushi viwili anaviona sawa.)

Mikunjo kutokatana, kushuka kuelekea kulia, hayo yamo kwenye kila kitini. Siyarudii.

Linaloniudhi hasa wanalieneza walimu wenzangu. Waulize kwa nini mkunjo umebonyea kuelekea kwenye sifuri, ile pembe ya grafu, watakwambia kila kitumbua cha ziada kina raha ndogo kuliko kilichotangulia. Sivyo! Kwa ile hesabu ya kuzidisha, chai ikibaki vikombe 2, kila kitumbua kinaongeza 2, cha kwanza hadi cha kumi. Hakipungui. Kwa ile ya vipeo, cha kwanza kinaongeza 4, cha pili 12, cha tatu 20. Kinapanda! Na mkunjo umebonyea vilevile. Kinachopungua ni chai niliyo tayari kuiachia ili nipate kitumbua kimoja zaidi, kadiri sahani inavyojaa vitumbua. Hicho hakiguswi na lebo. Wachumi Hicks na Allen walishalisafisha jambo hili mwaka 1934, na Pareto alikuwa kaanza kabla yao.

Mimi mwenyewe si msafi. Nikitetea kodi ya wenye nacho, husema elfu moja ina uzito zaidi kwa maskini. Hapo zile kilo na lita za ridhaa nimeziingiza kwa mlango wa uani.

Na kuna jaribio la mchumi Knetsch, 1989, linaloninyima raha. Wanafunzi wengine walipewa kikombe, wengine chokoleti, kisha wakaruhusiwa kubadilishana. Waliopewa kikombe, 89 kwa mia walikishikilia. Waliopewa chokoleti, 90 kwa mia waliishikilia. Kundi la tatu lililochagua tangu mwanzo liligawanyika karibu nusu kwa nusu. Ladha zao hazikutofautiana. Kilichotofautiana ni nini walikuta mkononi. Nimejaribu kuwachorea wanafunzi hao mkunjo mmoja ubaoni. Kila mara ulikwenda kule nilikoanzia chaki.