Waya wa Kengele ya Mlango: Volti Ndogo Haimaanishi Waya Wowote

Wengi huamini kwamba, kwa kuwa kengele ya mlango hutumia umeme wa volti ndogo, aghalabu kati ya 8 na 24, waya wowote mwembamba unaosalia baada ya kazi nyingine unaifaa. Ukweli ni kinyume: kadiri volti inavyokuwa ndogo, ndivyo upotevu wa volti chache njiani unavyoidhuru kengele zaidi.

Tuchukue transfoma (kifaa kinachopunguza volti ya umeme wa nyumba) ya volti 16 iliyo mita 20 kutoka kwenye kengele inayovuta ampia 1. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu wa kuhesabiwa ni mita 40, jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.2, unaokaribiana na ule wa kebo ya mtandao wa kompyuta, utapoteza takriban volti 3.4, ilhali ule mnene zaidi wa milimita za mraba 0.8 hautafikisha volti 1. Kengele ya kawaida huenda ikalia kwa unyonge tu, lakini yenye kamera, ambayo huhitaji umeme muda wote, inaweza kuzimika mara kwa mara.

Aidha, waya huu usipitishwe katika bomba moja na nyaya za umeme mkuu wa nyumba. Ganda lake kwa kawaida halikutengenezwa kustahimili volti 230, na likichubuka humo, kitufe anachobonyeza mgeni kinaweza kubeba umeme wa kuua.